Jinsi Kazi Inavyogeuzwa Kuwa ya Kiume

Uchache wa wanawake katika uhandisi na teknolojia huelezwa mara nyingi kwa hoja ya maumbile, kwamba akili ya mwanamume huelekea mashine na ya mwanamke huelekea watu, na wale wasiopenda kuitamka hoja hiyo waziwazi huisema kwa adabu zaidi, wakidai kuwa wasichana hawana hamu, au hawajiamini, au wanaogopa hisabati. Madai yote hayo hukwama yanapofika kwenye historia ya kompyuta, kwa kuwa kazi ya kuandika programu, yaani kuipangia mashine mfululizo wa amri itakazozifuata hatua kwa hatua, ilianza kwa kiasi kikubwa ikiwa mikononi mwa wanawake, ikahamia kwa wanaume katika muda wa miaka isiyozidi 40, ilhali maumbile ya jinsia zote mbili yalibaki vilevile. Kilichobadilika ni masharti ya kuingia kazini, na masharti hayo yaliwekwa na watu.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa ENIAC, mashine ya kielektroniki iliyoundwa katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mjini Philadelphia, kwa ajili ya jeshi la Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Jeshi lilihitaji majedwali ya kuwaelekeza wapiga mizinga, na kwa kuwa kukokotoa njia ya kombora moja tu kulimchukua mtu mwenye mashine ya mezani ya kuhesabia saa zipatazo 30 au zaidi, wanawake wengi waliosomea hisabati waliajiriwa kuifanya kazi hiyo. Mwaka 1945 sita kati yao, Kay McNulty, Betty Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Fran Bilas na Ruth Lichterman, walichaguliwa ili waipangie ENIAC kazi zake. Hakukuwa na kitabu cha maelekezo wala lugha yoyote ya programu. Walichopewa ni michoro ya saketi, na kwa sababu mashine ilikuwa siri ya kijeshi, mwanzoni hawakuruhusiwa hata kuingia katika chumba chake. Walijifunza kwa kuisoma michoro hiyo na kuwahoji wahandisi walioichora, mpaka wakaifahamu mashine yenye valvu karibu 18,000 kiasi cha kuweza kutambua hitilafu ilikolala. ENIAC ilipoonyeshwa hadharani Februari 1946, jambo lililowashangaza wageni ni kuona njia ya kombora ikikokotolewa kwa muda mfupi kuliko ule ambao kombora lenyewe lingetumia kufika chini, na hesabu za onyesho hilo ziliandaliwa na Jennings na Snyder. Katika karamu ya usiku ule hawakualikwa.

Kwamba kazi nzito namna hiyo ilikabidhiwa wanawake haikuwa dalili ya kuwaheshimu. Wakubwa wa mradi waliamini kwamba ugumu wote umo katika kuunda mashine, kazi waliyoihesabu kuwa uhandisi na wakawapa wanaume, na kwamba kuiendesha ni shughuli ya ukarani isiyodai zaidi ya uvumilivu na umakini. Walipokuja kugundua kwamba sehemu ngumu zaidi iko katika programu, wanawake walikuwa wamekwisha kuizoea. Grace Hopper, aliyepata shahada ya uzamivu ya hisabati katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1934 na kuingia jeshi la majini wakati wa vita, alitengeneza mwaka 1952 programu ya kuunganisha vipande vya amri vilivyokwisha kuandikwa ili mtu asilazimike kuviandika upya kila mara, kisha akaendeleza wazo kwamba mashine inaweza kuamriwa kwa maneno ya kawaida badala ya tarakimu tupu. Wazo hilo, ambalo wakati huo wengi walilidharau, ndilo lililozaa COBOL, lugha ya programu iliyopangwa mwaka 1959 kwa ajili ya shughuli za biashara na ambayo mifumo ya benki nyingi inaitegemea hadi sasa. Hata mwaka 1967 jarida la wanawake la Cosmopolitan la Marekani lilichapisha makala ya kuwavutia wasichana kwenye kazi ya kompyuta, ambamo Hopper aliilinganisha na kuandaa karamu ya chakula cha jioni, ulinganisho ambao leo ungewakera wengi lakini unaonyesha jinsi kazi hiyo ilivyoonekana kuwa ya kawaida kwa mwanamke.

Uingereza ilikuwa na mkasa wa aina yake. Colossus, mashine iliyosaidia kusoma siri za jeshi la Ujerumani, ilianza kazi katika kituo cha Bletchley Park mwaka 1944, na waliokuwa wakiiendesha mchana na usiku ni wanawake wa kikosi cha jeshi la majini. Baada ya vita, kompyuta zilipoingia katika ofisi za serikali, kazi ya mashine iliwekwa katika madaraja ya chini yaliyojaa wanawake, na serikali ilipoanza mwaka 1955 kusawazisha mishahara ya wanawake na wanaume katika utumishi wake, madaraja hayo yaliachwa nje kwa kisingizio kwamba hayana wanaume wa kulinganishwa nao. Hapo msomaji ataona mzunguko wenyewe: kazi inalipwa kidogo kwa kuwa ni ya wanawake, na haistahili kuongezwa malipo kwa kuwa wanawake pekee ndio wanaoifanya. Serikali ilipotambua baadaye kwamba anayeitawala kompyuta anaitawala ofisi nzima, iliwatafuta vijana wa kiume wa ngazi ya umeneja, ikawalazimu wanawake wazoefu kuwafundisha, kisha ikashangaa kuona wataalamu ni wachache.

Stephanie Shirley, aliyefika Uingereza mwaka 1939 akiwa mtoto mkimbizi wa Kiyahudi, aliona katika upungufu huo nafasi ya biashara. Mwaka 1962 alianzisha kampuni ya kuandika programu iliyoajiri karibu wanawake watupu, wengi wao wakiwa wataalamu walioacha kazi baada ya kuolewa au kujifungua, nao walifanya kazi wakiwa nyumbani kwao, wakiandika programu kwa penseli na karatasi na kushauriana kwa simu. Barua zake za kuomba kazi hazikujibiwa mpaka alipoanza kuzitia saini kwa jina la kiume la Steve. Miongoni mwa kazi za kampuni hiyo ilikuwa programu ya kisanduku cha kunasa kumbukumbu za safari za ndege ya Concorde, na inachekesha kidogo kwamba sheria ya mwaka 1975 ya kukataza ubaguzi wa kijinsia, iliyokusudiwa kuwalinda wanawake, ndiyo iliyomlazimu Shirley kufungua milango kwa wanaume.

Mabadiliko makubwa yalikuja pale makampuni ya Marekani yalipohitaji maelfu ya waandishi wa programu kwa haraka na hayakujua namna ya kuwatambua. Katika miaka ya 1960 yalikimbilia mitihani ya vipaji, ambayo mingi ilipima hisabati na mafumbo ya kimantiki, mambo ambayo vijana wa kiume walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuyasoma shuleni, na baadhi ya majibu yalizunguka katika vyama na klabu za wanaume. Mitihani hiyo iliongezewa vipimo vya tabia. Mwaka 1966 wanasaikolojia William Cannon na Dallis Perry, wakiwa wamewachunguza watu waliokuwa tayari katika kazi hiyo na ambao wengi mno walikuwa wanaume, walihitimisha kwamba mwandishi wa programu aliyeridhika na kazi yake hupenda mafumbo na hana hamu ya kushughulika na watu. Kosa la njia hiyo si gumu kulitambua, kwa maana ukiwapima waliomo ndani ili kujua nani aruhusiwe kuingia, utaendelea kuwaingiza wanaofanana nao. Hata hivyo vipimo vya aina hiyo vilitumika kwa miaka mingi, na picha ya mtaalamu wa kompyuta kuwa kijana mpweke, asiyejali usingizi wala mavazi, ikapewa sura ya ugunduzi wa kisayansi.

Picha hiyo ilipata nguvu mpya katika miaka ya 1980, kompyuta ndogo za nyumbani zilipoanza kuuzwa Marekani na matangazo yake kuwalenga wavulana. Hadi wakati huo idadi ya wanawake katika vyuo ilikuwa ikipanda, na mwaka 1984 walikuwa asilimia 37 hivi ya waliopata shahada ya kwanza ya sayansi ya kompyuta nchini humo; kuanzia hapo kiwango kilishuka, na katika miaka ya 2010 kilikuwa kimefika asilimia 18, ingawa katika miaka hiyohiyo wanawake walikuwa wakiongezeka katika udaktari na sheria. Watafiti Jane Margolis na Allan Fisher, waliowahoji wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon mjini Pittsburgh kwa miaka kadhaa, walikuta kwamba kompyuta ya familia mara nyingi iliwekwa katika chumba cha mtoto wa kiume, kwamba baba na mwana waliichezea pamoja, na kwamba wavulana walifika chuoni wakiwa na mazoea ya miaka mingi ambayo walimu waliyachukulia kuwa kipaji. Msichana aliyepata alama za juu za hisabati lakini hakuwahi kuandika programu alijiona mjinga katika wiki ya kwanza, na wengi walihama.

Matokeo ya utafiti huo ni ya thamani kwa sababu chuo kiliyafanyia kazi. Uzoefu wa awali wa programu uliondolewa kuwa kigezo kizito cha kudahiliwa, na masomo ya mwanzo yakagawanywa ili wenye mazoea na wasio nayo waanzie mahali tofauti na kukutana baadaye. Wanawake miongoni mwa wanafunzi wapya wa sayansi ya kompyuta waliongezeka kutoka asilimia 7 mwaka 1995 hadi asilimia 42 mwaka 2000. Chuo cha Harvey Mudd huko California, chini ya uongozi wa Maria Klawe aliyeanza kazi mwaka 2006, kilifuata njia inayofanana na hiyo na kupanda kutoka takriban asilimia 10 hadi 40 katika miaka michache. Miaka mitano haitoshi kuwabadili wasichana wa nchi nzima; kilichobadilika ni masharti ya vyuo.

Ushahidi wa upande mwingine unatoka nje ya Ulaya na Marekani. Nchini Malaysia wanawake ni karibu nusu ya wanafunzi wa kompyuta, na watafiti waliokwenda kuuliza sababu waliambiwa kwamba kazi ya kompyuta hufanyika ndani ya ofisi, haina jua wala mizigo, ni salama, na kwa hiyo inamfaa mwanamke, yaani dhana ya kijinsia iko palepale, ila inaelekeza upande mwingine. Kwa upande wa uhandisi, ripoti ya UNESCO ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba wanawake ni asilimia 28 ya wahitimu wa uhandisi duniani, na kwamba Algeria, Tunisia, Moroko na Oman zimevuka asilimia 40 ilhali Marekani iko karibu na asilimia 20. Asiyezijua takwimu hizo angezipanga nchi hizo kinyume. Lakini ni lazima kuongeza hapohapo kwamba mhitimu na mwajiriwa ni watu wawili, na kwamba katika nyingi ya nchi za Kiarabu idadi ya wanawake walio kwenye ajira iko chini sana ikilinganishwa na idadi yao vyuoni.

Katika hatua hiyo ya kutoka chuoni kwenda kazini ndipo uhandisi unapotofautiana na uandishi wa programu. Programu inaweza kuandikwa na yeyote mwenye mashine na muda, lakini jina la mhandisi ni la kisheria katika nchi nyingi, likiwa na ngazi, vyeti na saini za watu wengine. Uzito wa ngazi hizo unaonekana katika maisha ya Mary Jackson, Mmarekani mweusi aliyeanza mwaka 1951 kama mpiga hesabu katika kituo cha utafiti wa ndege cha Langley, jimbo la Virginia, ambacho baadaye kilikuwa sehemu ya NASA. Mwaka 1953 alihamishiwa katika handaki la upepo, yaani mtambo unaopulizia mifano ya ndege upepo mkali ili kupima itakavyokuwa angani, na mhandisi aliyefanya naye kazi, Kazimierz Czarnecki, alimshauri asome ili awe mhandisi kamili. Masomo yaliyotakiwa yalifundishwa jioni katika shule ya wazungu watupu mjini Hampton, na Jackson, mwenye shahada ya hisabati na sayansi, alilazimika kuiomba halmashauri ya mji kibali cha pekee cha kukanyaga darasa hilo. Alikipata, akahitimu, na mwaka 1958 akawa mhandisi wa kwanza mwanamke mweusi wa NASA. Kinachosimuliwa mara chache ni mwisho wa safari hiyo: baada ya zaidi ya miaka 20 ya uhandisi, alipoona njia ya kupanda zaidi imefungwa, alikubali mwaka 1979 kushuka cheo ili asimamie mpango wa kuwaajiri na kuwapandisha wanawake wengine. Makao makuu ya NASA mjini Washington sasa yana jina lake.

Afrika Mashariki ina milango yake, na baadhi yake imewahi kufungwa na watu wenye nia njema. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1973, na mwaka uliofuata Azimio la Musoma, lililopitishwa na Halmashauri Kuu ya chama tawala cha TANU, liliweka sharti kwamba wanaomaliza kidato cha sita wapitie Jeshi la Kujenga Taifa na kufanya kazi kwa muda kabla ya kujiunga na chuo kikuu, wakiwa na mapendekezo ya mwajiri na ya chama. Sharti hilo lilikusudiwa kuvunja kiburi cha wasomi na halikumtaja mwanamke popote, lakini athari yake ilimwangukia yeye zaidi, kwa maana miaka hiyo ya kusubiri ndiyo miaka ya kuolewa na kuzaa, na mapendekezo ya kazini hayakupatikana kwa urahisi uleule. Idadi ya wasichana waliojiunga ikapungua, na kabla ya mwongo huo kwisha wanawake wakaondolewa sharti hilo. Kwa anayetaka kujua jinsi kanuni isiyobagua mtu katika maandishi inavyoweza kubagua katika utekelezaji, kuna mifano michache iliyo bora kuliko huo. Baadaye chuo hichohicho kilianzisha mafunzo ya awali kwa wasichana waliokosa alama kidogo katika masomo ya sayansi, ili wakifaulu wadahiliwe, na wapo waliolalamika kwamba huko ni kushusha kiwango, kana kwamba kiwango cha kuingilia na kiwango cha kuhitimu ni kitu kimoja.

Mlango ulio mwembamba zaidi, hata hivyo, uko mbali na chuo. Mwanafunzi wa Tanzania anayetaka uhandisi hupaswa kuwa na tahasusi, yaani mkusanyiko wa masomo ya kidato cha tano na cha sita, yenye Fizikia na Hisabati ya juu, na mzizi wake ni masomo aliyoyafaulu kidato cha nne. Msichana aliyesoma shule ya kata isiyo na mwalimu wa fizikia wala maabara amekwisha kuamuliwa njia akiwa na miaka 16, na hakuna hotuba ya kumtaka ajiamini itakayoziba pengo hilo. Zipo shule za wasichana wenye vipaji maalumu, kama vile Kilakala, Msalato na Tabora, ambazo zimewapa wengi msingi imara, lakini nafasi zake ni chache ikilinganishwa na mahitaji ya nchi.

Akishapata shahada, anakutana na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Kwa mujibu wa utaratibu wake, aliyetoka chuoni husajiliwa kwanza kuwa mhandisi mhitimu, na ili awe mhandisi mtaalamu, yule anayeweza kuidhinisha kazi kwa saini yake, inampasa afanye kazi kwa miaka mitatu hivi chini ya uangalizi wa mhandisi mtaalamu, akiweka kumbukumbu za alichofanya na kuandika ripoti zitakazopimwa. Utaratibu ni wa busara, kwa kuwa daraja likianguka haulizwi aliyepata alama nzuri darasani. Ugumu wake ni kwamba unategemea mwajiri kumpeleka mhitimu saiti, mahali ambapo barabara inachongwa na zege inamwagwa, na mara nyingi saiti ni kambi ya mbali isiyo na choo cha wanawake wala malazi yao ya pekee, yenye ovaroli na buti za vipimo vya wanaume. Mwajiri mwenye huruma potofu humwacha msichana ofisini apange makaratasi, na miaka mitatu inapita bila kumbukumbu za kutosha kupimwa. Ujauzito ukiangukia katikati ya mkataba wa muda mfupi, mkataba hauhuishwi, bila mtu yeyote kutamka kwamba amefukuzwa. Bodi imekuwa ikiendesha mpango wa mafunzo kwa vitendo tangu mwaka 2003, na kwa msaada wa serikali ya Norway sehemu ya nafasi hizo ilitengwa kwa ajili ya wahandisi wanawake, hatua inayogusa mahali penyewe panapovuja badala ya kuongeza idadi ya wanaoingia mwanzoni.

Katika teknolojia ya habari, Kenya imetoa mfano unaostahili kuangaliwa kwa makini. Ushahidi, programu iliyokusanya taarifa za raia kwa simu na kuzionyesha kwenye ramani wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, ilizinduliwa Januari 2008, na Ory Okolloh na Juliana Rotich walikuwa miongoni mwa waanzilishi wake. Mwaka 2010 wanawake vijana jijini Nairobi, wakiwemo Judith Owigar, Linda Kamau, Marie Githinji na Angela Oduor, walianzisha AkiraChix, baada ya kuchoka kujikuta wachache katika kila mkutano wa wataalamu wa programu. Shirika hilo huwafundisha kwa mwaka mzima wasichana wanaotoka katika familia zisizo na uwezo, bila ada, likiwapa malazi, chakula na kompyuta ya kutumia, kwa kuwa msichana anayerudi jioni katika nyumba yenye kazi za ndani zinazomngoja hawezi kufanya mazoezi ambayo mwenzake wa kiume aliyaanza akiwa mtoto. Angela Oduor Lungati, mmoja wa waanzilishi hao, baadaye alikuja kuwa mkurugenzi mtendaji wa Ushahidi.